Mzee anaamka mara nne usiku: tezi imekua tu au ni saratani?

Mkuu, umeandika kwamba mzee wako wa Uyole ana miaka 63, anaamka mara nne usiku kukojoa, ultrasaundi imesoma tezi gramu 58, na majirani wameshasema ni saratani. Majirani wametangulia mno.

Tezi dume ni kiungo, kila mwanaume anayo, chini ya kibofu, na mrija wa mkojo unapita katikati yake. Kukua kwa kawaida kwa uzeeni hutokea sehemu ya ndani, palepale mrija unapopita, ndiyo maana hubana mapema: mkojo unachelewa kuanza, unakatikakatika, unadondoka mwishoni. Saratani mara nyingi huanzia sehemu ya nje, upande wa nyuma, na inaweza kukaa miaka bila kugusa mkojo. Kwa hiyo anayekojoa vizuri asijihesabu salama. Gramu 58 ni tezi kubwa (ya kijana ni kama 20 hadi 25), lakini ukubwa hausemi kama kuna saratani.

Kabla ya yote, siku tatu apime mkojo kwa jagi lenye alama, aandike saa na kiasi. Akitoa kidogokidogo, tezi au kibofu kinahusika. Akitoa mwingi kila mara, tafuteni kwingine: sukari, dawa ya presha ya kukojoza inayomezwa jioni, na baridi yetu ya Juni nayo huongeza mkojo.

Kisha PSA (kipimo cha damu cha protini inayotoka kwenye tezi) na kidole (daktari anaipapasa tezi kupitia njia ya haja kubwa), vyote viwili. Kidole ndicho wazee wanachokikimbia, na hakifiki hata dakika moja. Tezi iliyokua tu hubonyea kama ncha ya pua. Yenye saratani inaweza kuwa na kinundu kigumu kama paji la uso. PSA ni damu tu, ila watu huiharibu wenyewe. Akiwa na UTI, au ametoka kuwekewa mpira wa mkojo, asubiri kama wiki 6. Siku 2 kabla asikutane na mwenzi wake wala asiendeshe baiskeli. Kama ametumia finasteride (dawa ya kupunguza tezi) miezi 6 au zaidi, majibu hushuka karibu nusu, kwa hiyo daktari aambiwe. Chini ya 4 wengi huita kawaida, lakini saratani imewahi kukutwa hata hapo. Juu ya 4 nako si hukumu, kinachothibitisha ni kinyama kilichokatwa na kupimwa.

Mimi ningeogopa zaidi mgongo kuliko mkojo. Saratani hii ikisambaa hupenda mifupa: kiuno, nyonga, uti wa mgongo. Maumivu yasiyotulia hata akilala, yanayozidi usiku kwa wiki kadhaa, huku kwetu husingiziwa jembe na magunia ya viazi. Miguu ikianza kulegea au kufa ganzi, au haja ikimponyoka, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, maana uti unabanwa na asipowahiwa anaweza asitembee tena. Mkojo ukiziba kabisa nao ni dharura: awekewe mpira, msimpe maji mengi eti usukumwe. Damu kwenye mkojo ichunguzwe hata ikitoka mara moja.

Kliniki ya mkojo ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Ule unga wa mizizi ulioniandikia kwamba ameuziwa, aende nao na kopo lake, daktari auone. Na wewe, ikithibitika ni saratani, anza kuulizia PSA yako ukifika 45, kwa sababu hatari kwa mtoto wa kiume ni kama mara mbili.