Utando mweupe juu ya mwani: mmea au mnyama?
Ndugu, kimia cheupe ulichokipiga picha juu ya mwani mkubwa huko Norway, ukauliza kama ni mmea, ni koloni la wanyama liitwalo Membranipora membranacea. Kila kijichumba cha mstatili, chenye urefu usiofika milimita 1, hukaliwa na mnyama mmoja. Kuta zake zina chokaa iliyokatizwa na mikanda laini, ndiyo maana koloni hujipinda pamoja na jani bila kuvunjika. Upande wa juu ni ngozi tupu: misuli ikiivuta ndani, shinikizo la majimaji ya mwili husukuma nje taji la minyiri inayochuja chakula, nao utumbo hujikunja hadi mkundu ukafunguka nje ya taji hilo. Linaposhambuliwa na konokono wa baharini wasio na gamba, koloni huotesha miiba, jambo ambalo kwangu ndilo la ajabu zaidi.