Nyerere hakumtambua Amin, ila si kila kitu kilikatika

Ndugu uliyeuliza kama tulivunja kila kitu na Uganda mara tu Amin alipompindua Obote, Januari 1971: hapana. Mwalimu alikataa kumtambua Amin na akampa Obote hifadhi, lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki, na reli yake na ndege zake, iliendelea hadi 1977. Kilichokufa mapema ni kikao cha marais watatu, maana Mwalimu hakukubali kuketi meza moja na Amin. Hapo ndipo pa kutazama. Ofisi zinaweza kuandikiana barua miaka na miaka, ila wakuu wasipoonana kila jambo gumu linalala. Mkataba wa Mogadishu wa Oktoba 1972 ulituliza mpaka tu, tena baada ya wapiganaji wa Obote kuvuka kutokea kwetu na kushindwa. Mwaka 1978 majeshi ya Amin yakaingia Kagera.

Baba yangu mkubwa, huku Kondoa, alikwenda vita ile. Akivua kiatu unaona kovu kwenye kifundo. Mtu akisema ulikuwa ugomvi wa marais wawili tu, mzee hajibu. Anachukua fimbo yake, anaingia ndani.