Jiwe Jeusi Halinyonyi Kichaa cha Mbwa

SWALI: Daktari, shikamoo. Mwezi ujao ninampeleka mama Chennai, India, kwa matibabu ya moyo. Waliotutangulia wanasema mitaa ya huko imejaa mbwa wasio na mwenyewe. Mzee mmoja amenipa jiwe jeusi, akisema nikilibandika penye jeraha litanyonya sumu yote na hatutahitaji zile sindano 14 za tumboni. Je, nilibebe? Na tukikutana na mbwa tufanyeje? – Msomaji, Masasi.

JIBU: Marahaba. Kuhusu mbwa wenyewe sitasema mengi. Msikimbie wala msiwakazie macho. Simameni kimya, mikono ikiwa imetulia, kisha mrudi nyuma taratibu bila kuwapa mgongo. Msimsogelee mbwa anayekula, aliyelala au anayenyonyesha. Huko mtawaona wengine waliokatwa ncha ya sikio, alama ya kwamba wamefungwa uzazi, na kwa kawaida huchanjwa siku hiyo hiyo. Lakini chanjo isiporudiwa huisha nguvu, kwa hiyo sikio hilo lisiwape moyo wa kumpapasa.

Jiwe liache nyumbani. Nimechoka kupokea watu wanaofika wakiwa nalo jerahani, wiki nzima baada ya kuumwa. Mara nyingi hilo si jiwe hata kidogo, bali ni kipande cha mfupa wa ng'ombe uliochomwa ukawa mweusi. Lina vitundu vidogo vinavyofyonza unyevu, ndiyo maana hung'ang'ania penye damu mbichi, kisha hudondoka likishalowa, na mgonjwa huambiwa kuwa sumu imekwisha. Kichaa cha mbwa hakina sumu ya kunyonywa. Ni virusi vilivyomo katika mate, ambavyo vikishaingia jerahani hushika mishipa ya fahamu na kupanda kuelekea ubongoni bila kupita katika damu, na anayechanja chale ili damu chafu itoke huvifungulia njia zaidi.

Mbona basi watu hushuhudia kuwa wamepona? Kwa sababu mbwa wengi wanaouma hawana kichaa, na aliyeumwa na mbwa mzima angepona hata angebandikwa ganda la muhogo. Aliyeumwa na mbwa mgonjwa naye haugui kesho yake. Dalili huchukua kwa kawaida miezi 2 hadi 3, mara chache wiki moja tu, na wakati mwingine hata mwaka, na hapo kidonda kimekwisha kukauka, mganga amelipwa, na hakuna anayekumbuka kumuuliza. Mgonjwa akishaanza kuogopa maji na kupagawa, hakuna dawa ya kumrudisha, si Masasi wala Chennai. Inakadiriwa kuwa watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka duniani kwa ugonjwa huu, takriban theluthi moja yao wakiwa India.

Sindano za tumboni zilikuwa za chanjo za zamani. Za leo huchomwa begani, au pajani kwa mtoto mdogo: siku ya kwanza, kisha baada ya siku 3 na 7, na zikichomwa ndani ya msuli, si kwenye ngozi tu, huongezwa ya nne kati ya siku ya 14 na ya 28. Jeraha likiwa limechana ngozi, hudungwa pia kingamwili, yaani kinga iliyotengenezwa tayari, ndani na kandokando yake. Sindano ya pepopunda ni jambo jingine kabisa. Wapo wanaochomwa hiyo peke yake wakaridhika.

Kabla ya kwenda hospitali, na lazima mwende siku hiyo hiyo, oshea jeraha bombani kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, ukitazama saa, maana wengi hudhani wamezifikisha wakati hawajamaliza hata tatu. Sabuni ya mche inatosha: huyeyusha utando wa mafuta unaovifunika virusi, navyo hufa. Usipake pilipili, mafuta ya taa wala majivu. Kwaruzo lililotoa damu kidogo tu ni la kushughulikiwa vivyo hivyo, na ugonjwa wa moyo wa mama si sababu ya kuiahirisha chanjo. Mkiwa na nafasi kabla ya safari, ulizeni hospitali ya mkoa kama mnaweza kupata dozi 2 za kinga, kwa kupishanisha wiki moja. Aliyezipata akiumwa huongezewa dozi 2 tu, bila kingamwili.

Haya yote ninawaambia pia wanaobaki. Kuanzia mwaka 2010 Lindi na Mtwara zilikuwa miongoni mwa mikoa ya mradi mkubwa wa Shirika la Afya Duniani wa kuchanja mbwa, lakini mbwa waliozaliwa baada ya hapo hawalindwi na chanjo ya bibi zao. Huku kwetu mbwa akimuuma mtu, wanakijiji humuua kwa marungu na kumtupa porini, kisha hatuna wa kumchunguza. Afungwe kama inawezekana bila hatari, aangaliwe kwa siku 10, na afisa mifugo wa kata aitwe, huku aliyeumwa akiwa ameshaanza chanjo bila kungoja siku hizo ziishe. Chennai msijaribu kumkamata yeyote. Osheni jeraha, mwende hospitali, na kadi ya chanjo mrudi nayo ili dozi zilizobaki zikamilishwe hapa.