Namba Kubwa kwa Watoto Wadogo: Nafasi Kabla ya Urefu

Wazazi wengi wanaoniletea watoto wa darasa la tatu na la nne kwa ajili ya twisheni hapa Nyakato hunieleza tatizo moja kwa maneno yanayofanana: mtoto anahesabu vizuri, anajumlisha vizuri, lakini namba ikishavuka elfu moja mambo yanaharibika. Wengine huwa wamekwisha kujaribu dawa inayowajia haraka, yaani kumhesabisha mtoto mbele zaidi, elfu moja na moja, elfu moja na mbili, mpaka usingizi umchukue. Kwa uzoefu wangu wa kufundisha hisabati katika shule za msingi za Mwanza, dawa hiyo haitibu, kwa sababu mtoto wa namna hii hana upungufu wa kuhesabu. Anachokosa ni kuelewa kwamba tarakimu hupata thamani yake kutokana na mahali iliposimama, na kwamba maneno tunayoyatamka tunaposoma namba hayaandikwi moja baada ya jingine kwa kadiri yanavyotoka mdomoni.

Ukimwambia mtoto huyo aandike elfu tatu mia nne na tano, kuna uwezekano mkubwa akaandika 30004005. Watu wazima hucheka, na wengine hukasirika. Mimi nalipokea kosa hilo kama habari njema, maana linanionyesha kwamba mtoto anajua elfu tatu ni 3000, anajua mia nne ni 400, na amesikia kila neno nililolitamka. Kilichobaki ni kumwonyesha kwamba zile sifuri tatu za 3000 zimewashikia wenzao viti tu, na kwamba mamia, makumi au mamoja yakifika, sifuri inanyanyuka na mwenye kiti anakaa.

Jambo hili halielezeki vizuri kwa maneno matupu, kwa hiyo natumia kadi. Nunua karatasi moja ya manila, uikate katika vipande vya kimo kimoja lakini vya upana tofauti: kadi za mamoja ziwe na upana wa tarakimu moja, za makumi upana wa tarakimu mbili, za mamia tatu, za maelfu nne, na kuendelea hivyo hivyo hadi laki. Andika 1 hadi 9 katika kundi la kwanza, 10 hadi 90 katika la pili, 100 hadi 900 katika la tatu, 1000 hadi 9000 katika la nne. Tarakimu zote ziwe na upana uleule, la sivyo kadi hazitakaa sawa zinapopandishwa.

Binti mmoja wa darasa la tatu, ambaye mama yake anauza dagaa kwenye soko la Mwaloni, Kirumba, aliandika 400050 nilipomtajia elfu nne na hamsini. Sikulifuta jibu lake. Nilimpa kadi ya 4000 na kadi ya 50, nikamwomba azipange zifanane na alichoandika, naye akaziweka bega kwa bega, akaridhika. Kisha nikamwomba aipandishe kadi ya 50 juu ya ile ya 4000, ukingo wa kulia wa moja ukutane na ukingo wa kulia wa nyingine. Aliisogeza polepole, akaitazama 4050, halafu akaiinua kadi ndogo kuchungulia chini yake, akairudisha, akaiinua tena. "Kumbe sifuri bado zipo," alisema. Hapo nilikuwa sina la kuongeza, ila kumpa namba nyingine.

Baada ya kadi ndipo jedwali la nafasi linapokuwa na maana. Mchoree mtoto safu za mamoja, makumi, mamia, maelfu na makumi elfu katika daftari lenye miraba, umtajie namba zenye mapengo: elfu saba na sita, elfu sabini na sitini, elfu saba na mia sita. Kila safu ambayo haikutajwa lazima ipate sifuri. Mtoto akiizoea kanuni hiyo kwa wiki chache za mazoezi mafupi, jedwali liondoe, kwa sababu nimewaona watoto wanaoandika sahihi ndani ya safu na kupotea kabisa safu zinapoondolewa.

Kuhusu vitu vya kuhesabia, vizibo vya soda na vijiti vilivyofungwa kumi kumi vinatosha mpaka mia mbili au tatu. Kupita hapo vinakuwa mzigo. Wengi hukimbilia fedha, na ni wazo zuri, ila linahitaji uangalifu mmoja. Fedha zetu zina sarafu za shilingi 50, 200 na 500, na noti za 2,000 na 5,000, ambazo hazilingani na safu za jedwali. Ukimmwagia mtoto mchanganyiko wote huo, atajifunza kutafuta chenji, jambo ambalo pengine analijua kuliko wewe, lakini hatajifunza nafasi. Tumia za 100, 1,000 na 10,000 peke yake, na za 10 na za 1 mzichore wenyewe. Mtoto abadilishe sarafu kumi za mia apate elfu moja, noti kumi za elfu moja apate elfu kumi, noti kumi za elfu kumi apate laki. Bunda la noti mia moja za elfu kumi ni milioni, na noti hizo za manila zinaweza kukatwa nyumbani, kazi ambayo watoto huipenda kuliko somo lenyewe.

Sasa nifike kwenye laki, mahali ambapo nadhani vitabu hupita haraka mno. Tunapoandika namba ndefu, mkato huwekwa kila baada ya tarakimu tatu kuanzia kulia, kwa mfano 325,400. Mkato huo ungefuatana vizuri na usomaji endapo tungesema "mia tatu ishirini na tano elfu, mia nne", na wapo walimu wanaofundisha hivyo. Lakini mtoto wa Mwanza anasikia laki kila siku, katika kodi ya nyumba, katika ada, katika bei ya mbuzi, na sioni faida ya kumnyang'anya neno analolijua. Tatizo ni kwamba laki inalipasua kundi la tarakimu tatu: 325 iliyoandikwa pamoja kabla ya mkato inasomwa kwa vipande viwili, laki tatu, kisha elfu ishirini na tano.

Njia ninayoitumia ni ya kidole. Mtoto aangalie kundi lililo kushoto mwa mkato wa mwisho. Likiwa na tarakimu tatu, aifunike ya kwanza kwa kidole. Iliyofunikwa ni ya laki, na mbili zilizobaki wazi ni za elfu. Katika 325,400 anafunika 3, anaona 25. Katika 308,000 anaona 08, hivyo anasema laki tatu na elfu nane. Katika 600,000 anaona 00, kwa hiyo neno elfu halitajwi kabisa. Kundi likiwa na tarakimu mbili au moja, laki haipo. Mkato wa pili kuanzia kulia ukitokea, kila kilicho kushoto kwake ni cha milioni, na hapo hakuna kufunika chochote.

Kuna kikwazo kingine ambacho hakimo vitabuni kwa sababu kimo mitaani. Sokoni mtu akisema "laki na themanini" anamaanisha 180,000, na akisema "laki mbili na hamsini" anamaanisha 250,000. Muuzaji na mnunuzi wanaelewana, maana hakuna anayeuza pikipiki chakavu kwa shilingi 200,050. Mtoto aliyekulia karibu na biashara anaingia darasani na masikio hayo, anatajiwa laki mbili na hamsini, anaandika 250,000, na anapewa kosa bila kuelezwa. Simkatazi kusema kisokoni. Namwomba aseme namba ileile mara mbili, kwanza kisokoni, kisha kishule: "laki na themanini", halafu "laki moja na elfu themanini". Watoto huugeuza kuwa mchezo wa kukamatana, na baada ya muda hawachanganyi tena.

Ugumu wa mwisho katika matamshi uko upande wa anayesoma imla. "Elfu ishirini na tano" inaweza kuandikwa 25,000, na inaweza pia kuandikwa 20,005, na kwa maandishi ya kawaida hakuna kinachozitenganisha. Mzazi anayemtajia mtoto namba aamue mapema atatenganishaje. Mimi kwa 20,005 natua kidogo baada ya ishirini, na ninapoandika kwa maneno naweka mkato: elfu ishirini, na tano. Wengine kwa 25,000 husema "ishirini na tano elfu", nako ni sawa, mradi mtindo usibadilishwe katikati ya zoezi. Mtoto naye afundishwe kuuliza "elfu ngapi?" kabla ya kugusa kalamu. Kumkata alama mtoto kwa sentensi yenye maana mbili ni kumwonea, na nasema hivyo hata kwa walimu wenzangu.

Akishaweza kusoma na kuandika, mpe namba za kweli zinazohusu mahali anapoishi, kwa sababu namba isiyo ya kitu chochote humchosha upesi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 3,699,872 katika Mkoa wa Mwanza na 61,741,120 katika nchi nzima. Namba ya kwanza ina mazoezi yote ndani yake: milioni tatu, laki sita, elfu tisini na tisa, mia nane sabini na mbili. Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, na maji yake yako mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, wakati kilele cha Kilimanjaro kiko mita 5,895. Meli ya MV New Mwanza ilijengwa ichukue abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, na swali la meli hiyo ingehitaji safari ngapi kuwabeba watu wote wa mkoa huwafanya hata watoto wavivu waombe karatasi.

Simu ya mzazi ni mwalimu mzuri pia, ila ina mitego. Ujumbe wa kupokea pesa mara nyingi huandikwa 45,000.00, na mtoto asiyejua nukta inafanya nini husoma milioni nne na nusu, jambo la kufurahisha kwa dakika moja tu. Mwambie kwamba kilicho baada ya nukta ni senti na kwamba katika zoezi letu tunakifunika. Vilevile namba za umeme wa LUKU, zenye tarakimu ishirini, hazisomwi kama kiasi. Hizo, sawa na namba za simu, hutajwa tarakimu moja moja, na mtoto akizileta akitaka kujua "ni milioni ngapi" ajibiwe kwamba hazihesabu kitu. Bilioni na trilioni za bajeti anazozisikia redioni zinaweza kusubiri.

Kabla ya kumpeleka mtoto kwenye milioni mimi humpa namba nne kwenye vikaratasi, 40,700, 400,700, 40,070 na 47,000, bila mpangilio, nikamwomba azisome kwa sauti na kuzipanga kuanzia ndogo. Akizichanganya 40,070 na 40,700, shida yake ni sifuri, arudi kwenye kadi za manila. Akisoma 47,000 sawasawa lakini akaita 400,700 elfu arobaini, au akaiweka mahali pengine badala ya mwisho, shida yake ni laki, arudi kwenye kufunika kwa kidole. Akisoma zote lakini akashindwa kuziandika unapomtajia siku ya pili, badilishaneni kazi kwa muda: yeye akutajie namba, wewe uandike, na mara mojamoja uandike vibaya makusudi ili akukamate.