Misuli Inayopungua kwa Mwenye Kisukari

SWALI: Mama yangu, mkaazi wa Wete, ana kisukari mwaka wa 11 sasa. Mapaja yamemkonda, na akitaka kuinuka mkekani hushika ukuta. Je, ni uzee tu?

JIBU: Usiuite uzee tu, ndugu yangu. Insulini, mbali na kuingiza sukari ndani ya misuli, huzuia protini ya misuli hiyo isivunjwe. Inapopungua, au mwili unapoacha kuiitikia, misuli huliwa kidogo kidogo, na kwa kuwa misuli ndiyo inayopokea sehemu kubwa ya sukari baada ya chakula, kupungua kwake huzidisha sukari katika damu. Kutembea kuna faida, lakini hakutoshi. Aanze kwa kukaa na kuinuka kwenye kiti imara, mara 5 hadi 8, akishika meza mwanzoni, nawe uwe karibu naye. Itazameni pia sahani yake, kwani wagonjwa wengi, kwa kuiogopa sukari, hubakia na kipande cha muhogo na chai kavu, ilhali anahitaji samaki, mayai na kunde. Figo zikiwa na hitilafu, daktari ndiye apange kiasi. Ikiwa amekonda ghafla, au paja moja linamuuma, mpelekeni hospitali wiki hii hii.