Kabla ya Kununua Mtambo wa Jin, Piga Hesabu ya Maji

Juzi kijana mmoja wa Kayole, hapa Nairobi, aliniandikia: "Habari dada. Nimeona mtambo wa jin mtandaoni, wa shaba tupu, lita 30, una shingo ndefu na kofia ya mviringo. Pesa nimeshaweka. Ninunue huo ama nitafute mkubwa zaidi?" Aliambatanisha picha. Ni mtambo mzuri kweli, hata mimi niliutazama mara mbili.

Nilichelewa kumjibu kwa sababu siku hiyo nilikuwa na furaha zangu. Hoteli moja ya Westlands ilikuwa imeagiza jin yetu kwa mara ya pili, na katika biashara hii agizo la kwanza ni udadisi tu, la pili ndilo heshima. Basi leo namjibu yeye na wengine wote mnaoniuliza swali hilohilo. Linaanza na shaba kila mara. Shaba au stenlesi, kile chuma kisichoshika kutu? Shingo ndefu au fupi? Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza maji ya kupoza atayatoa wapi.

Kwanza tuelewane kuhusu sheria, nisije nikalaumiwa. Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya 2010 hairuhusu mtu kutengeneza kileo bila leseni, na Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya 2015 inamtaka mtengenezaji awe na leseni ya KRA, Mamlaka ya Mapato ya Kenya. Jikoni kwako si karakana. Mimi nyumbani nina mtambo mdogo wa lita 5 unaopika maji na majani peke yake: mchaichai, rosmari, maganda ya ndimu. Ndio shule yangu. Jin yenyewe naipika na wenzangu kwenye karakana yenye leseni. Nawe kama ndiyo unaanza, anza na maji na majani. Mtambo utakufundisha karibu kila kitu kabla haujaonja tone la pombe, na hakuna atakayekugongea mlango usiku.

Wanaonifahamu wanajua nimetoka wapi. Nyanya yangu alipika chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji, Kawangware enzi ambazo kupatikana nayo tu kulikuwa kosa. Hakuwa na shaba wala kipimajoto. Alikuwa na sufuria kubwa motoni, chombo cha kukingia ndani yake, na juu karai la maji baridi, mianya yote imezibwa kwa unga uliokandwa. Karo ya mama yangu ilitoka kwenye sufuria hiyo, na faini za mahakamani zilitoka humohumo. Kazi ya watoto siku ya kupika ilikuwa moja tu: kuchota maji ya karai. Yakianza kutoa mvuke tu, yanamwagwa, yanawekwa mengine. "Maji yakipata moto mnapikia majirani," alikuwa akisema, maana harufu ilikuwa ikitoka nje na mali ikipotelea hewani.

Nilipoacha kazi yangu ya maabara nikasema naingia kwenye jin, mjomba wangu mmoja alisimama kwenye kamati ya harusi ya binamu yangu, mbele ya wakwe, akasema: "Tumesomesha mtoto mpaka chuo kikuu, amerudi kupika chang'aa." Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, ningefanya nini? Lakini neno lile lilinikaa kifuani, na bado liko. Mwaka jana alinipigia simu kwa sauti tamu akiomba chupa mbili za kupelekea wageni wake. Nilimpa. Kwa bei ya duka.

Nirudi kwa maji. Mvuke unapogeuka kuwa tone, unaachia joto lote uliloupa jikoni, na joto hilo lazima liende mahali. Kwa hesabu zangu, kila lita inayotoka ikiwa na nguvu ya asilimia 70 hivi inataka lita 10 hadi 12 za maji ya kupoza, ikiwa maji yanaingia kwenye kondensa, sehemu inayopoza mvuke uwe tone, yakiwa nyuzi 20 na kutoka yakiwa nyuzi 50. Mitambo mingi ya mtandaoni imeundwa kwa watu ambao bomba lao halikauki: wanaunganisha mpira kwenye bomba, maji yanapita, yanaingia mtaroni. Sasa wewe wa Kayole, wa Umoja, wa Kasarani, ambaye maji ya mfereji yanakuja kwa mgao na siku nyingine unanunua ya mkokoteni, utamwaga mtungi baada ya mtungi kwa ajili ya jin?

Dawa yake ni pipa la lita 200 na pampu ndogo ya kuzungusha maji yaleyale. Pipa lililojaa litakuhimilia lita kumi hivi za jin nzito kabla maji hayajawa vuguvugu sana, kisha unapumzika mpaka yapoe, na usiku wa Nairobi ni baridi ya kutosha kukusaidia. Kwa hiyo unapoangalia mtambo wowote, ruka picha ya chungu uende kwenye kondensa. Ina urefu gani? Koili yake ni ya bomba jembamba ambalo huwezi kulisafisha? Maji yanaingilia chini na kutokea juu, yakikutana na mvuke unaoteremka? Ukiona kondensa fupi iliyobandikwa kwenye chungu kikubwa, huo ni mtambo wa kupambia baa.

Halafu kuna jambo ambalo video za Ulaya hazitakuambia, kwa kuwa wao stima haiwapotei. Kama unapasha moto kwa gesi na pampu yako inatumia umeme, stima ikikatika pampu inasimama ila moto hausimami. Mvuke wa pombe utapita kwenye kondensa bila kupozwa, utokee mdomoni ukiwa bado mvuke, nao moto uko hapohapo chini. Pombe ya asilimia 40 hutoa mvuke unaoweza kushika moto kwenye nyuzi 26 tu. Ndiyo maana sisi tunapasha kwa umeme, na kipasha joto na pampu viko kwenye laini moja. Tokeni za stima zikiisha, vyote vinalala pamoja. Chungu kitaendelea kutoa mvuke kidogo kwa joto lililobaki, kwa hiyo tuna ndoo ya maji iliyoinuliwa juu ambayo unaifungulia ipite kwenye kondensa kwa nguvu ya mteremko. Mchana mmoja stima ilipotea katikati ya mpiko, na ndoo hiyo ilifanya kazi bila mtu kupandisha sauti. Siku hiyo nilijiona mhandisi.

Muuzaji akikuonyesha mtambo wenye valvu kwenye njia ya mvuke, ondoka. Njia ya mvuke haifungwi, hata kwa sekunde.

Video hizohizo zitakupotosha kwenye joto pia. Watakuambia ethanoli inachemka kwa nyuzi 78, na ni kweli, ukiwa usawa wa bahari. Mombasa sawa. Nairobi tuko karibu mita 1,800 juu, hewa ni nyepesi, maji yenyewe yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi na ethanoli kwenye 73. Nimewaona watu wakingoja kipimajoto kifike namba waliyoiandika daftarini huku sehemu nzuri ya jin imeshapita. Pika maji matupu kwanza, uone mtambo wako unasoma ngapi hapa tulipo.

Sasa shaba, kwa kuwa najua hamtalala nisipoitaja. Shaba ina kazi yake: inanasa misombo ya salfa inayonuka, ile inayotokana na kuchacha. Anayepika kutoka kwenye matunda au nafaka anaihitaji sana. Lakini wengi wetu hatuchachishi chochote. Jin yetu inaanza na spiriti safi ya asilimia 96, iliyotokana na molasi ya miwa, aina inayotengenezwa kule Muhoroni. Tunaipunguza kwa maji, tunaweka juniperi, lile tunda linaloipa jin ladha yake, na viungo, tunaipika upya. Salfa humo ni kidogo sana. Chungu cha stenlesi kinatosha kabisa, kinaoshwa kwa urahisi, wala hakifanyi rangi ya kijani ukikisahau na unyevu. Ukipenda shaba kwa uzuri wake, nunua. Lakini usiniambie ni kwa ajili ya ladha.

Kama utatengenezewa hapa mjini, Kamukunji na Kariobangi Light Industries kuna mafundi ambao mikono yao haina mpinzani. Mpelekee fundi mchoro, umwambie wazi unataka stenlesi ya gredi 304 na uchomeleaji wa gesi ya argoni. Usitegemee sumaku kupima, kwa sababu hata gredi 201, ambayo ni rahisi na haivumilii kutu vizuri, haishiki sumaku. Dai risiti ya bati lilikonunuliwa. Lehemu yenye madini ya risasi isiguse popote panapopita mvuke au tone. Redieta ya gari iliyogeuzwa kondensa ni marufuku, kwa kuwa ndani yake kuna lehemu ya namna hiyo na mabaki ya maji ya injini. Bomba la shaba la friji kuukuu la Gikomba nalo limejaa oili. Na gasketi isiwe mpira wa tyubu ya baiskeli, maana pombe moto hula mpira na kukuachia harufu yake kwenye chupa. Unga uliokandwa wa nyanya yangu ni bora kuliko tyubu hiyo, na sifanyi mzaha: kuna wapishi wa Ulaya wenye mitambo ya shaba ya kizamani ambao bado wanaziba kwa unga.

Kuhusu ukubwa sina mengi. Mtambo wa lita 30, ukiujaza theluthi mbili kwa pombe ya asilimia 40, utakupa karibu chupa 20 za jin kwa mpiko mmoja. Mapishi yako yakiwa hayajakaa sawa, una chupa 20 ambazo hata mashemeji watazikataa. Lita 2 hadi 5 zinatosha kujaribia. Kwa kila lita ya pombe anza na gramu 20 hivi za juniperi na nusu yake ya mbegu za dania, kisha iliki kidogo na ganda la chungwa. Kikapu cha mvuke, kile ambacho viungo vinakaa juu na mvuke unapita katikati yake, hutoa harufu laini zaidi, lakini si lazima kwa kuanzia. Mpiko ukikamilika punguza kwa maji polepole. Ikigeuka ukungu ujue mafuta ya viungo, kama yale ya machungwa, yamezidi.

Na hapa nitawahubiria, mnisamehe. Vijana wengi mnataka kuruka hatua. Unataka chapa, chupa ya kupendeza, ukurasa wa Instagram, lakini spiriti umeinunua kwa mtu ambaye hujui aliitoa wapi. Novemba 2000, Mukuru kwa Njenga na mitaa ya jirani, zaidi ya watu 100 walikufa kwa pombe yenye methanoli, pombe ya sumu, na wengine wakapofuka. Msidanganyike kwamba mtambo mzuri utaisafisha. Methanoli ikishaingia, kuipika upya hakuiondoi kwa uhakika, hata mtambo wako uwe wa dhahabu. Spiriti inunuliwe kwa mtengenezaji anayejulikana, ije na karatasi za maabara, na karatasi hizo uzisome. Mtu akikuuzia ya bei nusu, usiulize punguzo limetoka wapi, funga mlango. Mliozoea kuita leseni "usumbufu wa serikali" mkumbuke kwamba kuna watu walifungwa kwa kazi hii kabla yenu, wakina mama, na hawakuwa na mahali pa kuomba leseni hiyo. Ninyi mnapo. Pangeni foleni.

Mwisho, juniperi. Kavu huuzwa ikiwa imetoka nje, hasa nchi za Balkani, lakini nasi tuna yetu: mtarakwa, Juniperus procera, unaomea Nyandarua, Mau na Mlima Kenya, na Procera, jin ya hapahapa Nairobi, imejipatia jina duniani kwa tunda hilo. Ladha yake inakumbusha njugu na majani mabichi, jambo ambalo juniperi ya Ulaya haina. Ila msiingie msitu wa serikali kuchuma bila kibali, na tafadhalini msichume kwenye uzio wa miti ya saiprasi kule Limuru mkidhani ni mtarakwa. Tunda la saiprasi ni gumu kama mbao na lina mipasuko. La mtarakwa ni dogo, la mviringo, lenye nyama, linaiva likiwa na rangi ya zambarau iliyofifia kwa vumbi jeupe. Nishapokea mfuko mzima wa saiprasi kutoka kwa mtu aliyeapa anaijua misitu yote. Nilimlipa nauli ya kurudi nao.

Na haidromita, kile kifaa cha kupimia nguvu ya pombe, nunua mbili, zilizosawazishwa kwa joto la nyuzi 20. Moja itavunjika.