Baba alitolewa maji kifuani: utando wa mapafu ni nini?

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu alibanwa pumzi kwa muda, akapigwa picha ya kifua, kisha akachomwa sindano mgongoni na kutolewa maji lita moja na nusu. Tuliambiwa yalikuwa kwenye utando wa mapafu. Ni utando gani huo, na mwilini kuna tando za aina ngapi? Mama anasema baba ameponzwa na kunywa maji mengi usiku.

JIBU: Marahaba. Kwanza mtoe mama wasiwasi. Kwa mtu ambaye moyo na figo ni nzima, maji ya kunywa yakizidi huishia kwenye mkojo.

Kila pafu limevikwa utando mwembamba uitwao pleura. Una matabaka mawili: moja limeshikamana na pafu, jingine limetandazwa ndani ya ukuta wa kifua. Katikati yake kuna majimaji kidogo sana, kama vijiko viwili vitatu vya chai. Hayo hufanya matabaka yawe kama vioo viwili vilivyolowa: yanateleza, lakini kuyabandua ni kazi. Kwa hiyo kifua kikitanuka, pafu nalo hufuata, wala halisuguani na mbavu.

Watu husema maji yameingia kwenye mapafu. Ya baba yalikuwa nje ya pafu, kati ya matabaka hayo, yakilibana lisitanuke. Sindano hupitishwa juu ya ubavu, si chini yake, maana chini ya kila ubavu kuna mishipa ya damu na ya fahamu. Na kama waliacha mengine bila kuyatoa, hawakuzembea: pafu lililobanwa muda mrefu likitanuka ghafla linaweza kuvimba na kujaa maji lenyewe.

Pleura ina ndugu wawili: perikadiamu inayouzunguka moyo na peritoniamu ya tumboni. Zote hutanda kwenye nafasi zilizofungwa, zisizo na tundu la kutokea nje, ndiyo maana maji yakizidi hujikusanya. Peritoniamu ni pana na ina mishipa mingi ya damu, hata hutumika kumsafishia damu mgonjwa wa figo.

Utando ute ni habari nyingine. Huu umetanda kwenye njia zinazofunguka nje: pua, koo, utumbo, njia ya mkojo, uke. Ute wake hunasa vumbi na vijidudu. Kwenye njia ya hewa, vinyweleo vidogo mno huusukuma juu hadi kooni. Tumboni, ute huohuo huzuia asidi isiunguze ukuta wa tumbo.

Aina ya tatu iko kwenye maungio kama goti. Hutoa majimaji ya kulainisha gegedu. Ngozi nayo vitabu huihesabu kuwa utando, wa nne. Ubongo na uti wa mgongo vina tando zake tatu, na hizo zikishambuliwa ndipo tunapata homa ya uti wa mgongo.

Sasa la baba. Kutoa maji kunampa nafuu ya pumzi, hakutibu chanzo. Kwetu kifua kikuu ni chanzo cha kawaida, lakini kuna pia moyo kushindwa kazi, nimonia na saratani. Ulizeni majibu ya maabara: protini, aina ya chembe, kipimo cha kifua kikuu. Akibanwa tena, akipata homa za jioni au akikonda, arudi hospitali hata kabla ya tarehe aliyopangiwa.